TAMKO LA KATIBU WA TAWI: MATAIRI YA GARI LETU YANUNULIWE HAPA, TENA KWA RISITI

Ndugu Wanachama,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko matangazo yetu ya kawaida, kwa hiyo asiye na nafasi sasa autunze ausome jioni akitulia. Mwenyekiti ameniruhusu niutume kama maoni ya Katibu. Si uamuzi wa Kamati. Uamuzi utatolewa na kikao cha Jumapili, na mimi nina kura moja kama mjumbe mwingine yeyote.

Wiki iliyopita iliwekwa hoja kwenye kundi letu kwamba tuachane na maduka ya Kariakoo na Gerezani, tuagize matairi 24 moja kwa moja kutoka Guangzhou, China. Matano ya Hiace ya tawi, 19 ya wanachama wenye magari madogo. Ikabandikwa picha ya bei: dola 32 kwa tairi. Ndani ya saa moja vidole gumba vikafika 41, na mama mmoja akaandika "hatimaye tumeamka". Mimi sikuweka kidole. Niliomba profoma nzima, ukurasa wa kwanza na wa pili, nikakaa nayo usiku na kalkuleta.

Napinga hoja hiyo. Naipinga yote, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunazungumzia matairi. Mwezi uliopita Hiace yetu ilikuwa inarudi kutoka mazikoni Morogoro ikiwa na watu 13. Kabla ya kufika Chalinze tairi la nyuma kushoto likapasuka. Dereva wetu hakukanyaga breki kwa pupa, alishikilia usukani, gari likayumba hadi pembeni likasimama mita chache kutoka kwenye kalavati. Roli lililokuwa nyuma yetu lilipita likipiga honi. Hakuna aliyeumia. Waliokuwemo wanajua walivyokaa kimya kutoka pale hadi Mlandizi, na mimi nilikuwa kiti cha mbele.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijalisema kikaoni. Tairi lile lilikuwa la mtumba. Tulilinunua miaka miwili iliyopita kandokando ya barabara kwa shilingi 70,000, halina risiti, na vocha ya malipo ina saini yangu. Nilipofika nyumbani niliomba vipande vyake nikavikagua kwa tochi. Namba ya mwisho ubavuni ilikuwa 3612. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2012. Chini yake limeandikwa neno STUDLESS, yaani ni tairi la barafu la Japani. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike kwenye theluji. Kwenye lami yetu ya saa 8 mchana mpira huo unapata moto na kuisha haraka. Nilitia saini kununulia wanachama wangu tairi la theluji ili liwapeleke mazikoni Morogoro. Sitatia saini nyingine ya namna hiyo, hata vidole gumba vikifika mia nne.

Kwa sababu hiyo anayedhani Katibu anapinga kwa kiburi cha ofisi anakosea. Napinga kwa aibu.

Tuje kwenye profoma. Ndugu yetu aliyeleta hoja ni mtu mwema na ametumia bando lake kututafutia nafuu. Simlaumu kwa nia. Lakini ukurasa wa pili, ambao haukubandikwa kundini, unaonyesha ukubwa wa tairi: 195/65R15 91H. Matairi yote 24 ni ya namba hiyo. Hiace yetu inavaa 195R15C, nguvu ya tabaka nane, namba ya mzigo 106/104. Mtu akitazama haraka ataona 195 na 15 pande zote mbili akasema ni tairi lile lile. Si lile lile hata kidogo.

Nawaeleza namba hizi kwa sababu zitawasaidia hata kwenye magari yenu. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya ule upana. R ni muundo wa nyuzi za ndani, unaoitwa radial. 15 ni inchi za rimu. Namba inayofuata, 91, ndiyo watu wanaipita bila kuiangalia, nayo ndiyo inayoua. Ni namba ya mzigo. 91 maana yake tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 615, basi. 106 maana yake kilo 950. Herufi ya mwisho ni mwendo. H ni kilomita 210 kwa saa, ambayo Hiace yetu haitaiona milele.

Piga hesabu pamoja nami. Matairi manne ya 91 yanabeba kilo 2,460 kwa jumla, tena kama uzito umegawanyika sawasawa, jambo ambalo kwenye Hiace haliwezekani kwa sababu watu na mizigo hukaa nyuma. Gari letu likijaa abiria 14 na mabegi linakaribia tani 3. Matairi manne ya 106 yanabeba kilo 3,800. Isitoshe, tairi la 65 ni fupi kwa karibu sentimita 6 kwa kipenyo, kwa hiyo gari lingeshuka na mshale wa mwendo ungedanganya. Tungeweka tairi jipya linalong'aa, la kampuni sijui gani, na tungekuwa katika hatari kubwa kuliko ile ya tairi la mtumba lililopasuka, maana lile angalau hatukuliamini.

Na mwuzaji hakuuliza tunafunga kwenye gari gani. Ana haki gani ya kuuliza? Ameagizwa, ameuza.

Nilimwomba ndugu yetu aulize bei ya 195R15C halisi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: dola 49. Zile 32 zilizoleta vidole gumba 41 hazihusiani na gari la tawi.

Sasa hesabu ya pesa. Hii ndiyo kazi niliyosomea, naombeni mnivumilie.

Dola 32 ni bei ya tairi likiwa limesimama ghalani kwao. Kwa shilingi 2,600 kwa dola, ambayo nimeitumia humu kote, ni shilingi 83,200. Hapo ndipo wengi walipoishia. Mali 24 ni dola 768. Ongeza usafiri wa meli na bima kwa mzigo mdogo kama huu, makadirio niliyopewa ni dola 432, inakuwa dola 1,200. Forodha haikutozi kwa bei ya ghalani. Inakutoza kwa jumla ya mali, bima na usafiri. Nimeweka ushuru wa asilimia 25, kiwango cha kawaida cha bidhaa iliyokamilika kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki: dola 300, tunafika 1,500. Juu ya hiyo 1,500, si juu ya 768, inakuja VAT ya asilimia 18: dola 270, tunafika 1,770. Wakala wa forodha, gharama za bandari na gari la kuleta mzigo hapa, dola 270. Jumla 2,040. Gawa kwa 24. Kila tairi dola 85, yaani shilingi 221,000. Tozo ndogondogo za forodha sijaziweka, wala kukaa kwa mzigo bandarini endapo karatasi moja itakosekana.

Tairi hilo hilo la gari dogo, jipya, nimepewa bei ya shilingi 165,000 Gerezani. Nilikwenda mwenyewe Jumatano, maduka manne.

Mtaniuliza inakuwaje mwuza duka, ambaye naye ameagiza China na naye analipa ushuru, auze chini ya gharama yetu? Kwa sababu yeye haagizi 24. Kontena la futi 40 linabeba matairi madogo zaidi ya elfu moja. Wakala analipwa kwa kontena moja, hati ni moja, usumbufu ni mmoja, vyote vinagawanywa kwa elfu. Sisi tungegawanya kwa 24. Hili ni somo la mwaka wa kwanza wa uhasibu na halihitaji diploma. Mama anayenunua nyanya tenga zima Ilala na anayenunua fungu moja genge la jirani wote wanalijua.

Tairi sahihi la Hiace la dola 49 nimelipitisha njia ile ile. Linafika hapa kwa karibu shilingi 286,000. Dukani nimepewa 235,000.

Naijua hoja itakayofuata, kwa sababu imeshasemwa pembeni: "Katibu anahesabu njia ya wazungu. Kuna mawakala wa kontena la kuchangia, unalipa kwa ujazo, kila kitu ndani, unapokea mzigo wako Kariakoo." Ni kweli wapo, na nimewauliza. Kwa mzigo wetu wangetoza kama dola 600 kila kitu ndani. Tairi la gari dogo lingefika kwa shilingi 148,200. Tairi la Hiace lingefika kwa kama 192,400. Sitaficha: kwa njia hiyo tawi lingeokoa shilingi 42,600 kwa tairi, 213,000 kwa matairi matano. Ni pesa. Kwa mwanachama anayelipa ada kwa shida ni pesa nyingi.

Lakini tunaipata kwa kuuza nini? Hati ya forodha itakuwa na jina la wakala, haitakuwa na jina letu. Cheti cha ukaguzi wa ubora ambacho TBS inataka kitolewe kabla bidhaa haijaondoka huko kitakuwa chake, kama kipo. Ushuru uliolipwa, kama umelipwa, hatutauona. Mimi nitabaki na picha ya muamala wa simu na ujumbe wa sauti usemao "mzigo umefika, njooni". Sisemi mawakala wote ni wakwepa kodi. Nasema tawi haliwezi kujua, na mkaguzi wa wilaya akija hatakubali ujumbe wa sauti kuwa kiambatisho cha vocha. Sisi ndio tunaosimama kwenye mikutano ya mtaa tukiwaambia watu wadai risiti. Tutasimamaje pale na gari lililovaa matairi yasiyo na karatasi?

Halafu kuna muda. Kuanzia malipo ya awali hadi kupokea, nimeambiwa siku 60, na aliyeniambia hakuapa. Gari halitembei bila matairi. Hiace yetu hukodishwa mwisho wa wiki kwa wastani wa shilingi 60,000 baada ya mafuta na posho ya dereva. Wiki nane ni shilingi 480,000. Tunaokoa 213,000, tunapoteza 480,000, na katikati hapo akitokea mgonjwa wa usiku au msiba tunaomba lifti kwa majirani. Hesabu hii niliirudia mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba hakuna mtu mwingine aliyeifanya.

Na malipo yenyewe: asilimia 30 mwanzo, salio kabla ya kupakia, kwenye akaunti ya jina la mtu binafsi. Jina la kampuni liko juu ya profoma, jina la akaunti ni la mtu. Hapo hata kama kila kitu kingine kingekuwa safi, mimi ningerudisha kalamu mfukoni.

Nina kumbukumbu yangu binafsi pia. Mwaka 2016 binamu yangu aliyekuwa Dubai aliniletea matairi mawili ya Corolla yangu, mapya, bei nzuri. Baada ya miezi mitatu moja likatoa nundu ubavuni kama jipu. Aliyeuza alikuwa muungwana kwa maneno. Aliomba picha, nikatuma. Akaomba picha ya tarehe ya ubavuni, nikatuma. Mwishoni akasema dhamana ipo, nirudishe tairi dukani kwao. Nauli ya lile tairi ilizidi bei ya tairi. Bado ninalo, watoto wanakalia wakicheza. Dhamana ya mbali ni dhamana kama mwezi ni taa.

Niguse kwa ufupi wanaosema basi turudi mtumba, maana "mtumba wa Japani ni bora kuliko jipya la China". Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la pili, imeweka matairi yaliyotumika ya magari madogo na ya magari mepesi ya biashara kwenye orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Yanayouzwa barabarani yameingiaje, kila mtu anajua anavyojua. Tawi la chama halinunui bidhaa iliyopigwa marufuku. Tulishanunua mara moja, nimeshawaambia saini ilikuwa ya nani.

Sasa msije mkadhani nimetumwa na wenye maduka. Nawajua, na baadhi yao ni sehemu kubwa ya sababu ya watu kukimbilia simu. Kati ya yale maduka manne ya Jumatano, la kwanza lilinipa bei mbili: ya risiti na ya bila risiti. Niliposema nataka ya risiti yule kijana aliniangalia kama niliyetoka sayari nyingine, akapandisha 30,000. La pili lilinitolea 195R15C safi inayong'aa, imepakwa dawa nyeusi. Nikageuza ubavu nikakuta 1118. Wiki ya 11 ya 2018, inauzwa kama jipya kwa sababu haijavaliwa. Mpira huzeeka hata ukiwa kabatini, na watengenezaji wengi wenyewe huweka ukomo wa miaka 10 hata kama kashata bado zimesimama. Nilipomwonyesha alisema, "Mzee, hizo ni namba za kiwanda tu." Ndiyo, ndugu yangu, ni za kiwanda, na ndiyo maana nazisoma.

Wapo pia wanaochukua vipara, wanachonga kashata upya kwa kisu cha moto, wanauza usiku kwa bodaboda na bajaji. Wengi wa vijana hao ni wanachama wetu. Kuwaita wauzaji hao "wazawa wenzetu" hakuzuii tairi kupasuka.

Kwa hiyo sitaki mtu aniletee hoja ya uzalendo mwepesi, kwamba tununue dukani kwa sababu duka ni letu. Tairi la dukani nalo limetoka nje. Wazee wetu humu wanakumbuka General Tyre ya Arusha, iliyoanzishwa 1969, serikali ikiwa na asilimia 74 na wabia wa nje asilimia 26. Magari ya umma yalivaa matairi ya pale. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa muongo wa 2000, na tangu hapo kila serikali na kila mgombea ameahidi kukifufua kiwanda kile. Ahadi hizo zimo hata kwenye hotuba za watu wetu, na siku nyingine nitaandika juu ya hilo, leo si mahali pake. Kwa sasa tairi jipya lolote utakalonunua Gerezani, liwe la Japani, la India au la China, limepita bandarini. Wa kwao na wa kwetu wanauza kitu kile kile kutoka mahali pale pale. Ninachotafuta ni mtu mwenye anwani. Tairi likitoa nundu, nimkute Jumatatu asubuhi kwenye mlango ule ule, na risiti yenye namba yake ya mlipakodi mkononi mwangu, na kama ataniruka nijue pa kumpeleka. Anayejificha nyuma ya bei mbili amejitoa mwenyewe kwenye orodha hiyo, hata kama duka lake liko hatua mbili kutoka nyumbani kwangu.

Duka la tatu lilikuwa na 195R15C ya 106/104, tarehe ya mwaka huu, lakini mwenye duka alikataa kuandika dhamana. La nne, la mama mmoja wa makamo, lilikuwa nayo kwa 235,000, VAT ndani, na alikubali kuandika kwenye risiti miezi 12 kwa kasoro ya kiwanda. Sikumpa pesa wala ahadi. Nilimwambia nina kikao.

Matairi matano kwa bei hiyo ni shilingi 1,175,000. Mfuko wa gari una 1,340,000. Kinabaki 165,000, ambacho kinatosha kufunga, balansi na alaimenti, na kitakachobaki kitarudi kwenye mfuko kwa maandishi.

Nimesikia pia kwamba "Katibu ana kamisheni". Sina shemeji Gerezani, sina hisa, na sijanywa hata soda kwenye maduka hayo, ingawa la nne walinipa maji nikayanywa, nakiri. Anayeamini nina kamisheni naomba Jumapili ateuliwe yeye kwenye timu ya manunuzi, aende na Mweka Hazina, mimi nibaki. Nitafurahi sana. Atanunua mahali popote atakapoona panafaa ilimradi masharti nitakayoyaomba kikao kiyapitishe yawe haya: ukubwa ni 195R15C na namba ya mzigo haipungui 106/104, tarehe ya ubavuni haizidi miezi 12, risiti ya EFD yenye jina la tawi, dhamana imeandikwa, haikusemwa, matairi yanafungwa mbele ya wajumbe wawili, na manne ya zamani yanarudi na gari. Hayo ya zamani tuyakate kabla hayajapata mnunuzi. Fundi wa katambuga jirani na ofisi ameshasema anayataka, atatulipa kidogo, na hapo ndipo yanapostahili kwenda, miguuni mwa watu na si chini yao.

Wanachama wenye magari madogo, wale wa matairi 19, nao nawaomba wasivunjike moyo. Hoja yao ya kununua kwa pamoja ni nzuri na ndiyo sehemu pekee ya hoja ile ninayoiunga mkono. Tatizo ni mahali pa kuipeleka. Tukifika dukani tukiwa wanunuzi wa matairi 24 kwa siku moja, kwa pesa taslimu na kwa risiti, mwenye duka atakaa chini na sisi. Yule mama wa duka la nne nilimgusia idadi hiyo kwa mbali, akasema kwa 20 na kuendelea anaweza kuzungumza. Sijui atashuka kiasi gani. Hata akishuka 10,000 tu, ni 240,000 kwa wote, bila kusubiri meli.

Naomba kila mwenye gari kabla ya Jumapili ainame aangalie ubavu wa tairi lake, aniandikie ukubwa wote pamoja na namba ya mzigo, na tarakimu nne za mwisho za tarehe. Msinitumie picha iliyotiwa giza, andikeni. Bodaboda na bajaji pia, zenu zina namba. Mtu akikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi lake lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Asije nalo kikaoni, aje kwa miguu.

Kikao ni Jumapili saa 9 alasiri ofisi ya tawi. Profoma yote miwili, kurasa zote, pamoja na bei za maduka manne na daftari la mfuko wa gari, vitakuwa mezani kuanzia saa 8 kwa atakayetaka kukagua. Hadi uamuzi utakapotoka, Hiace imesimama na funguo ziko kwa Mwenyekiti. Mwenye dharura ya hospitali apige simu kwa Mwenyekiti au kwangu, tutakodi teksi kwa mfuko wa maafa.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
Katibu wa Tawi